Je, Wajua? Kompyuta Iliyorudi Kiwandani

Je, wajua kwamba kampuni ya Dell ilianzia kwenye mzigo uliokosa wanunuzi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, IBM iliwapangia mawakala wake idadi ya kompyuta za kuchukua, na waliojikuta na nyingi kuliko walizoweza kuuza walikuwa radhi kuziachia kwa bei ya kununulia. Michael Dell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alizinunua, akazifungua chumbani mwake, akaziongezea memori na diski, kisha akaziuza kwa bei nafuu kuliko ya dukani. Mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 19, alisajili kampuni kwa mtaji wa dola 1,000. Hii leo kampuni hiyo ina duka maalumu la mashine zake zilizorudi, liitwalo Dell Outlet. HP wana mpango wao wa HP Renew, na Apple nao huuza wenyewe mashine walizozikarabati.

Sokoni Afrika Mashariki mashine za namna hii zina majina mengi. Jijini Nairobi huitwa Ex-UK hata kama hazijawahi kuiona London. Dar es Salaam utaambiwa ni ya Ulaya au ni ya Dubai. Chini ya majina hayo vimefichwa vitu vitatu tofauti kabisa: kompyuta iliyokarabatiwa na kiwanda chenyewe, iliyokarabatiwa na kampuni nyingine, na iliyopanguswa vumbi tu. Muuzaji anaweza asikwambie uliyoshika ni ipi. Kompyuta yenyewe, hata hivyo, ina ushahidi mwingi, ndani na nje, na mtu yeyote anayejua pa kutazama anaweza kuusoma kabla hajatoa pesa.

Zinarudi kwa nini?

Wengi hudhani kila kompyuta iliyorudi kiwandani ilikuwa mbovu. Dell Outlet hugawa mzigo wake mafungu matatu, na fungu moja ni la mashine ambazo hakuna aliyezitumia: mteja aliagiza, kiwanda kikaunda, halafu mteja akaghairi. Fungu jingine ni la zile zilizokwaruzika au kubonyea kava. La tatu ndilo la zilizorudishwa, zikafunguliwa, zikapimwa na kutengenezwa.

Hata ile iliyoharibika mapema haistahili kukimbiwa moja kwa moja. Wahandisi wa vifaa vya umeme wanao mchoro wanaouita kwa umbo lake, beseni la kuogea: vifaa vingi vyenye kasoro hufa katika majuma ya mwanzo, kisha huja miaka ya utulivu, halafu vifo hupanda tena uzeeni. Mashine iliyougua utotoni ikatibiwa vizuri imeshauvuka ukingo wa kwanza wa beseni hilo.

Lakini kundi linalojaza makontena ni la mikataba ya ukodishaji. Benki, bima na ofisi za serikali huko Marekani na Ulaya mara nyingi hazinunui kompyuta. Hukodi kwa miaka 3 au 4. Mkataba ukiisha, maelfu ya mashine za aina moja, OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP au ThinkCentre za Lenovo, hurudi kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu duka dogo la Luthuli Avenue jijini Nairobi linaweza kuwa na rafu nzima ya maboksi yanayofanana kama mapacha.

Na hapa pana jambo ambalo halijawafikia wanunuzi wengi. Kampuni moja inaweza kuwa na milango miwili. Mashine ya Dell Outlet huuzwa na waranti sawa na ya mpya. Mashine iliyorudi kutoka kwenye mkataba wa ukodishaji hupitia duka jingine la Dell hiyohiyo, na waranti yake ya kawaida imekuwa siku 100. Zote mbili zimekarabatiwa na mwenye chapa, lakini ahadi zake zinatofautiana kabisa.

Sheria inasemaje

Shirika la viwango la Uingereza, BSI, lilichapisha mwaka 2009 kiwango kinachotenganisha bidhaa iliyoundwa upya na ile iliyokarabatiwa. Ya kwanza lazima ifanye kazi angalau sawa na ilivyokuwa siku ya kwanza na iwe na waranti isiyopungua ya bidhaa mpya. Ya pili inaruhusiwa kuwa na waranti ndogo zaidi. Mpaka baina yao, basi, ni kile ambacho muuzaji yuko tayari kukitia sahihi.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Amri ya serikali ya tarehe 17 Februari 2022 inasema bidhaa haiwezi kutangazwa kuwa imekarabatiwa mpaka kazi zake zote zimepimwa na, ikibidi, kurekebishwa. Amri hiyohiyo inamkataza muuzaji kuinadi kwa maneno kama "kama mpya". Natamani sana sharti hilo lingefika kwenye masoko yetu, maana maneno hayo mawili ndiyo yanayomfanya mnunuzi aone haya kuomba kava lifunguliwe.

Umri ulioandikwa kwenye stika

Kila kompyuta ya Dell ina stika yenye alama saba za herufi na tarakimu. Chini yake kuna namba ndefu zaidi ya tarakimu tupu, ile unayoitaja ukipiga simu kuomba huduma. Hizo si namba mbili. Ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili: alama saba zile ni hesabu ya msingi wa 36, yaani tarakimu 10 pamoja na herufi 26, na namba ndefu ni hesabu hiyohiyo kwa msingi wetu wa kawaida wa 10. Zisipolingana, mtu amebandika stika ya mashine nyingine. Ukiziingiza alama hizo kwenye tovuti ya Dell, utaonyeshwa mashine ilisafirishwa lini na ilitoka na vipuri gani. Kama ilitoka na memori ya aina fulani na sasa ina nyingine, utajua kilichobadilishwa.

HP haihitaji hata intaneti. Chukua mashine yenye namba inayoanza na CZC823. Herufi tatu za mwanzo zinataja mahali: CZC ni Jamhuri ya Cheki, MXL ni Meksiko. Alama ya nne ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na mbili zinazofuata ni wiki. Kwa hiyo mashine hiyo iliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2018, mwanzoni mwa Juni. Tarakimu 8 ingeweza pia kuwa ya 2008, lakini mashine zilizopishana miaka kumi huwezi kuzichanganya ukizitazama.

Prosesa nayo inataja kizazi chake. Katika i5-8500, tarakimu 8 inayofuata kistari ni kizazi cha nane. Katika i5-10500, kizazi ni cha kumi. Namba hii ndiyo ghali kuliko zote kwa mnunuzi wa sasa. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, au Ryzen ya AMD kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine mbili zinaweza kukaa kwenye rafu moja, kava sawa, moja ikiwa i5-7500 na nyingine i5-8500. Mwaka mmoja na kitu ndio unaozitenga, na ni ya pili tu inayopokea Windows 11 kwa njia ya kawaida. Mashine za kizazi cha saba kushuka chini zimejaa sokoni kwa sababu hiyo, na bei yake imeshuka. Kwa mtu wa Linux, au shule inayohitaji kompyuta za kuandikia na kuvinjari, hiyo ni fursa ya kweli. Kwa ofisi inayotegemea programu za Windows, ni mzigo.

Saa ambazo diski imeishi

Diski ina daftari lake la ndani, liitwalo SMART, ambamo hujiandikia mambo yake yenyewe. Kwenye diski nyingi, kipengele namba 9 cha daftari hilo ni jumla ya saa ambazo diski imewashwa. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo hulisoma kwa sekunde chache, na muuzaji mwaminifu hatakataa uiendeshe kwenye mashine yake.

Hesabu ni rahisi. Kompyuta ya ofisi inayowashwa saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hukusanya saa 2,080 kwa mwaka. Baada ya mkataba wa miaka 3 itakuwa na saa 6,240. Iliyoachwa ikiwaka usiku na mchana, kama za hospitali au za ulinzi, itakuwa na 26,280. Kava zake zaweza kung'aa sawasawa. Ukikuta saa chache sana kwenye mashine ya 2018, yaelekea diski imebadilishwa. Hilo ni jema, ila ujue kwamba daftari unalosoma sasa ni la diski mpya na halisemi lolote juu ya feni, pawa saplai na bodi.

Daftari hilo nalo limewahi kughushiwa. Januari 2025, jarida la Heise la Ujerumani lilifichua diski za Seagate zilizotumika kwa maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, SMART zake zikiwa zimerudishwa sifuri. Zilidhaniwa kutoka kwenye mashamba ya sarafu ya kidijitali ya Chia. Kilichozifichua ni daftari la pili la Seagate, liitwalo FARM, ambalo waghushi hawakulifuta.

Siri za mwenye mashine wa kwanza

Kati ya 2000 na 2002, watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 za mitumba. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizofutwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Kwenye nyingine walikuta barua za mapenzi, taarifa za matibabu na zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki. Diski moja ilionekana kutoka kwenye mashine ya kutolea pesa huko Illinois.

Kilichowaponza wenye diski hizo bado kinawaponza watu: kufuta faili huondoa jina lake kwenye orodha, na maandishi yenyewe hubaki mpaka yaandikiwe juu. Ukarabati wa kiwandani hufuata utaratibu wa maandishi wa kufuta diski, na unaotajwa zaidi ni wa taasisi ya NIST ya Marekani, ambao hupanga kazi katika ngazi tatu: kusafisha, kutakasa na kuharibu kabisa. Kama kompyuta uliyonunua imekuja na picha za harusi ya mtu, basi hakuna kiwanda kilichoigusa, stika iseme itakavyo.

Upande mwingine wa jambo hili unamuumiza mnunuzi mwenyewe. Kampuni kubwa husajili kompyuta zake kwa Microsoft kupitia huduma ya Autopilot, na usajili hushika mashine yenyewe, si diski. Unanunua, unaweka Windows upya, unaunganisha intaneti, na skrini ya kwanza inakutaka uingie kwa barua pepe ya kampuni ambayo huijui. Kubadilisha diski hakusaidii. Kwa kawaida ni mwenye mashine wa kwanza anayeweza kuiondoa kwenye orodha yake. Mashine za Mac zina kufuli linalofanana na hilo. Jaribio ni moja: muombe muuzaji aiwashe kutoka mwanzo mbele yako, ikiwa imeunganishwa kwenye intaneti. Kompyuta iliyowashwa bila mtandao haithibitishi kitu.

Umeme wa kwao na wa kwetu

Kompyuta iliyoishi Uingereza hufika Mombasa au Tanga ikiwa na waya unaoingia ukutani bila adapta, kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda hutumia plagi ileile ya miguu mitatu ya mstatili yenye fyuzi ndani. Oman na Dubai nako ni hivyohivyo. Kibodi yake utaitambua kwa alama ya pauni iliyo juu ya 3. Ya Kimarekani huwa na alama ya reli hapo. Bujumbura na Bukavu, ambako wengi wamezoea mpangilio wa Kifaransa, mzigo wa Ubelgiji wenye kibodi za namna hiyo huwa na soko lake.

Mashine kuukuu ya Kimarekani inahitaji jicho kali zaidi. Umeme wa huko ni volti 120. Wa kwetu ni 230 au 240. Pawa saplai za zamani zilikuwa na swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ikichomekwa ukutani kwetu ikiwa kwenye 115, hulia mlio mmoja na kutoa moshi. Za miaka ya karibuni zimeandikwa 100–240V na hujirekebisha zenyewe. Soma maandishi hayo kabla hujachomeka.

Pawa saplai ina kitendawili kingine. Kompyuta za kuunda mwenyewe hutumia plagi kuu ya pini 24 ambayo kila fundi anayo. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi ya Dell ya pini 8. Ikiungua, ya kawaida haiingii bila adapta. Mashine ya chapa ni imara, mimi ningeichagua kuliko ya kuunganishwa mtaani, lakini kabla ya kununua kumi kwa ajili ya shule, nunua na pawa saplai moja ya akiba.

Kijani, buluu na uvimbe

Fungua kava la OptiPlex utaona vishikio vya buluu. Kwenye EliteDesk vitakuwa vya kijani. Hizo ni sehemu ambazo mtengenezaji amekusudia uzishike kwa mkono: vuta hapa, bonyeza pale, diski inatoka bila bisibisi. Mashine za ofisi ziliundwa hivyo kwa sababu fundi mmoja huhudumia mamia, na kila dakika yake ina gharama. Wewe mnunuzi wa mkono wa pili unarithi urahisi huo bure.

Ukiwa ndani, tazama vikopo vidogo vya duara vilivyosimama kwenye bodi, kapasita. Vichwa vyake viwe bapa. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005, kwa mujibu wa nyaraka za kesi iliyofunguliwa Marekani, Dell ilisafirisha kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa hatarini kuharibika kwa sababu ya vipuri vibovu, na OptiPlex GX270 na GX280 ndizo zilizoandamwa zaidi na kapasita zilizovimba na kuvuja. Haikuwa kampuni hiyo peke yake. Miaka ile tatizo lilienea kwa watengenezaji wengi. Kapasita za leo ni bora, lakini kichwa kilichotuna bado ni ishara ya bodi inayokufa, na huhitaji kifaa chochote kukiona.

Karibu na hapo kuna betri bapa ya duara iliyoandikwa CR2032. Namba yake ni vipimo vyake: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Hutunza saa na mipangilio umeme ukizimwa. Ikiisha, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, na tovuti salama zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake havilingani na tarehe. Nimeona watu wakishauriwa kubadilisha bodi nzima kwa dalili hiyo. Betri yenyewe huuzwa kwa muuza saa.

Mafuta, maji na karatasi

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilichapisha hesabu ya kuunda kompyuta moja ya mezani pamoja na skrini yake ya inchi 17 ya wakati ule: kilo zisizopungua 240 za mafuta ya kisukuku, kilo 22 za kemikali na tani 1.5 za maji. Katika utafiti huo, kazi ya kuunda ilimeza takriban asilimia 81 ya nishati ya maisha yote ya mashine, na matumizi ya miaka yote mezani ndiyo yaliyobaki. Kwa hesabu hiyo, kila mwaka unaoongezwa kwenye umri wa kompyuta kwa kawaida unaokoa zaidi kuliko kununua mpya inayokula umeme kidogo.

Lakini mashine chakavu nazo hufika kwa kisingizio hichohicho cha kurefusha umri. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3. Uganda ilitangaza mwaka 2009 marufuku ya kuingiza majokofu, televisheni na kompyuta kuukuu. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, shehena yoyote ya taka za elektroniki, ya sumu na isiyo ya sumu, haivuki mpaka bila ridhaa ya nchi inayoipokea.

Kinachoitenga kompyuta ya biashara na taka ni majaribio. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 yanamtaka msafirishaji wa vifaa vilivyotumika aonyeshe kwamba kila kimoja kilipimwa na kinafanya kazi. Karatasi ya majaribio lazima itaje jina la kifaa, namba yake, mwaka wa kuundwa ikiwa unajulikana, tarehe na matokeo ya vipimo, pamoja na jina na anwani ya kampuni inayobeba dhamana ya vipimo hivyo. Tena ibandikwe kwenye kifaa au kwenye kifungashio mahali inaposomeka bila kufungua mzigo. Kwa hiyo kompyuta iliyotoka Ulaya kihalali iliwahi kuwa na karatasi hiyo siku ilipopanda meli. Muulize mwenye duka iko wapi, na jina la kampuni lililo juu yake ni la nani.